Paka Aliyehasiwa na Haki Yake Juu Yetu

Paka ni jirani wa zamani wa Waislamu. Huingia msikitini asifukuzwe, na maji aliyoyanywa hayaharibiki, kwani Sahaba Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha udhu anywe, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani.

Lakini paka huzaa upesi. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na mimba yake ni siku 63 hivi. Ndipo twaona vitoto vya paka vikitupwa majaani. Kwa ajili hiyo baadhi ya jamaa humpeleka paka wao kwa daktari wa wanyama ahasiwe. Katika jambo hili wanavyuoni wamehitilafiana: wako waliolikataza, na wako waliolijuzisha penye maslaha bila ya madhara. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake kabla hajatenda. Neno letu hapa ni la baada ya kutenda: aliyekwisha kumpasulisha mnyama amebeba amana, wala haiishii mlangoni kwa daktari.

Siku ya kwanza paka hurudi angali amelewa dawa ya usingizi. Yapasa alazwe chini, ndani ya nyumba, mahali pa kimya na penye joto, mbali na ngazi na jiko. Akiweza kusimama sawasawa, apewe maji na chakula kidogo.

Kisha, kwa siku 10 hadi 14, jeraha litazamwe asubuhi na jioni. Asiogeshwe, asirukeruke, wala asilambe kidonda. Ulimi wake unakwaruza, na huweza kufungua nyuzi. Akivishwa kikinga shingoni na daktari, kisivuliwe kwa kumwonea huruma. Chooni mwake muwekwe vipande vya karatasi badala ya mchanga kwa siku chache, jeraha lisiingie uchafu.

Khasa twaonya juu ya dawa za watu. Kidonge kimoja cha panadol huweza kumwua paka. Asipewe dawa ila aliyoagiza daktari, wala asipakwe majivu au mafuta.

Ikionekana damu isiyokoma, usaha, kidonda kufunguka, ufizi kuwa mweupe, kutapika mfululizo, kutokula siku nzima, au dume kujikamua asipate mkojo, arudishwe kwa daktari siku ile ile. Tena dume asichanganywe na majike kwa muda wa mwezi mmoja na zaidi, maana bado aweza kutia mimba. Na wote, wakipona, wapimiwe chakula, kwani hunenepa upesi.

Enyi vijana, kazi hii yafaa iwe zamu yenu. Mtume (s.a.w.) ametuhadithia mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie. Nasi siku hizi za uguzi twamfungia paka wetu. Tukimfungia na kumlisha, kumnywesha na kumtazama, twatumai ujira. Tukimfungia na kumsahau, tumeingia katika kosa lile lile. Kiumbe asiye na ulimi wa kushitaki anaye Mola anayemwona.

Wabillahi tawfiq.