Kizunguzungu na Cheti cha Rubani

Watu wa Robanda, na wa vijiji vingine vilivyo mpakani mwa mbuga ya Serengeti, si wageni wa ndege za angani. Ndege ndogo huleta watalii Seronera, na watoto wachungao ng'ombe huinua macho kuzitazama. Basi si ajabu kijana wa shule akisema, "Nami nitakuwa rubani." Lakini mbele yake pana mlango ambao fedha peke yake haziufungui, nao ni cheti cha afya. Twapenda kueleza habari za mlango huo kwa mtu aliyewahi kushikwa na kizunguzungu.

Mwaka 1958 Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliruka juu ya Serengeti katika ndege iliyopakwa milia kama ya punda milia, wakihesabu wanyama. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alifariki, ndege yake ilipogongana na tumbusi. Hatari ya nje namna hiyo haizuiliki yote. Lakini hatari iliyomo mwilini mwa rubani yaweza kutafutwa kabla hajaondoka chini, na hiyo ndiyo kazi ya tabibu.

Kizunguzungu hutoka wapi? Ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vitatu vilivyopindika, vyenye maji. Chukua bakuli la maji, uelekeze jani juu yake, kisha ulizungushe bakuli. Utaona bakuli laenda na maji yanachelewa. Ukilisimamisha ghafula, maji yaendelea kuzunguka. Ndivyo ilivyo katika sikio: kichwa kikigeuka, maji yale huinamisha vinyweleo vidogo, na akili hupata habari. Ndiyo sababu mtoto aliyejizungusha akasimama huona nyumba zote zikizunguka.

Hata rubani mzima hudanganywa na masikio yake awapo ndani ya wingu. Hufundishwa kuviamini vyombo vilivyo mbele yake kuliko mwili wake. Lakini mgonjwa ambaye macho yenyewe yamcheza hawezi hata kuvisoma vyombo hivyo. Tena marubani wengi wa ndege ndogo huruka peke yao. Hapana wa pili wa kuushika usukani.

Yatupasa kujua kwamba kizunguzungu si ugonjwa mmoja. Yuko aonaye giza akiinuka upesi, kwa njaa au kwa upungufu wa damu. Yuko aliyepata malaria akanywa kwinini, masikio yakavuma na kichwa kikamzunguka, kisha akapona. Yuko ambaye vijiwe vidogo vya chokaa vilivyomo sikioni vimetoka mahali pake vikaingia katika vijifereji. Huyu huzungukwa kwa nukta chache kila ageukapo kitandani, na mara nyingi tabibu huvirudisha kwa kumlaza na kumgeuza kichwa kwa utaratibu. Wengine huumwa na mshipa wa fahamu wa sikio, au kipanda uso. Dawa kadha za sindano, kama streptomisini, zaweza kuliharibu sikio la ndani. Na uko ugonjwa uitwao Ménière, unaorudi mara kwa mara pamoja na uziwi na mvumo wa sikio. Huo ndio unaoogopwa sana na matabibu wa marubani.

Sasa tuitazame sheria. Nchi nyingi zilipatana huko Chicago mwaka 1944 juu ya usafiri wa anga, na Tanzania hufuata mapatano hayo kwa mkono wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Vyeti vya afya ni vya madaraja matatu: la kwanza ni la warushao ndege kwa malipo, la pili la wajirushiao wenyewe, na la tatu la waongozao ndege kutoka ardhini. Kwa kanuni za mataifa, cheti cha daraja la kwanza hudumu miezi 12; arushaye abiria peke yake kwa malipo, akipita miaka 40, hupimwa kila miezi 6. Kanuni zasema mwombaji asiwe na kasoro katika kiungo cha mizani ya mwili. Lakini zatoa nafasi pia: matabibu wenye ujuzi wakiona kwamba hali ya mtu haitahatarisha safari, cheti chaweza kutolewa, pengine kwa masharti.

Tabibu aliyewekwa na Mamlaka huuliza: Kilianza lini? Kilidumu nukta au saa? Vitu vilizunguka, au uliona giza tu? Sikio lilivuma? Ulikunywa dawa gani? Kisha hupima usikivu, humsimamisha mtu amefumba macho, humlaza na kumgeuza kichwa huku akitazama kama macho yacheza. Huenda akatiwa sikioni maji ya baridi na ya moto, njia iliyochunguzwa na Robert Bárány, aliyepewa nishani ya Nobel ya mwaka 1914. Aliyepata kizunguzungu mara moja, kwa sababu iliyojulikana, akapona, ana tumaini jema, ingawa huenda akaambiwa angoje. Ambaye kwake hurudi bila onyo, mara nyingi hukataliwa.

Mfano mkubwa ni Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, mwaka 1961. Mwaka 1963 alizuiliwa kuruka kwa ugonjwa wa Ménière. Akapasuliwa sikio mwaka 1968, akapona, akaruhusiwa tena mwaka 1969, na Februari 1971 akatembea juu ya mwezi. Si kila mgonjwa apatavyo bahati hiyo. Lakini yeye alirudi kwa kupimwa na kuonekana mzima.

Basi shauri letu kwa wazazi ni hili: kijana na apimwe kwanza, ndipo ng'ombe wauzwe kwa ajili ya karo. Atunze karatasi zote za hospitali, zenye tarehe na majina ya dawa. Wala asifiche neno. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio cha rubani hakiwi cha nyumba moja, kwa kuwa abiria nao wana watu wao. Na akikataliwa, ajue kwamba fundi wa ndege hadaiwi cheti hiki na kanuni za mataifa, nayo mikono yake ndiyo inayozitengeneza ndege ziruke salama.