Kabla hujaposti, rekodi mpaka mwisho

Mwaka jana nilimrekodi makanga mmoja akishikana mashati na abiria steji ya mtaani kwetu. Sekunde ishirini hivi. Nikaandika juu yake, "Mwizi wa simu anaswa," nikaposti. Kufikia jioni video ilikuwa kwenye kila grupu la WhatsApp nililomo.

Kumbe kwa ground mambo yalikuwa tofauti. Walikuwa wanagombania chenji ya shilingi hamsini. Hakuna simu iliyoibwa. Mwenye matatu alikuwa ameshamwambia jamaa akae nyumbani kwanza. Nilifuta video, nikaomba msamaha. Msamaha wenyewe walioushea ni watu wanne tu.

Sijaacha kurekodi, na sikuambii wewe uache. Raia wenye simu wamefanya makubwa nchini. Vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mapema 2008 Wakenya wachache wakaanzisha Ushahidi, ambapo mtu alituma alichokiona kwa SMS au intaneti na kikawekwa kwenye ramani. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010, mfumo huo huo ulitumika kule. Na Juni 2024, nani hakufuatilia maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha kupitia TikTok na X?

Lakini kuna mfano mmoja wa Marekani unaonisuta kila nikiukumbuka. Mei 25, 2020, jijini Minneapolis, msichana wa miaka 17 alimrekodi polisi akimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema Floyd alipata tatizo la kiafya. Video ikawaumbua. Polisi huyo alipatikana na hatia ya mauaji mwaka 2021, na mwaka huo huo msichana akatunukiwa tuzo maalum ya Pulitzer.

Yeye alishikilia simu kwa dakika karibu kumi. Mimi nilikata kwa sekunde ishirini, nikajazia zilizobaki kwa kichwa changu.

Kwa hivyo siku hizi nina masharti yangu. Naandika nilichokiona tu, mahali na saa. Aliyehusika namuuliza kwanza. Video ya kutumiwa naitafuta kwenye Google Lens, maana mkasa wa "leo Nairobi" waweza kuwa wa nchi nyingine miaka mitano iliyopita. Watoto na maiti siwaonyeshi sura. Na faili ya kwanza sifuti, kwa sababu ikitakiwa kama ushahidi, nakala iliyozunguka WhatsApp huwa imepoteza ubora na taarifa zake nyingi.

Yule makanga alirudi kazini baada ya wiki mbili. Nikipanda gari lao bado ananitania, "Bro, leo unarekodi?" Abiria hucheka. Mimi hutoa nauli kamili, nikaangalia dirishani.