Jahazi la plastiki: Ufundi wa Lamu wapata malighafi mpya

Kwa karne nyingi mafundi wa visiwa vya Lamu wamejenga vyombo vya baharini kwa mbao, wakitegemea jicho, mkono na mafunzo ya wazee wao. Septemba 15, 2018, ujuzi huo ulizaa chombo cha aina ya pekee: jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki.

Jahazi hilo, lenye urefu wa takriban mita tisa, liliitwa Flipflopi, jina lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kandambili. Mwasisi wa mradi alikuwa Ben Morison, aliyesikitishwa na wingi wa taka katika fuo za Kenya. Ujenzi uliongozwa na Ali Skanda, fundi mashuhuri wa Lamu. Zilitumika takriban tani 10 za plastiki pamoja na kandambili 30,000.

Kuyeyusha plastiki si kazi ngumu. Ugumu ni kuifanya ihimili mawimbi. Plastiki hutanuka kwa joto na hupindika upesi kuliko mti mgumu. Tena, mbao ikinywa maji huvimba na kusaidia kuziba mianya, ilhali plastiki hainywi maji. Kwa hiyo mafundi walilazimika kujifunza upya tabia ya malighafi waliyoishika.

Plastiki iliyeyushwa na kutiwa katika kalibu ili kupata mkuku, mataruma na vipande vya ubavuni. Vipande hivyo vilichongwa na kuunganishwa kama ifanyikavyo kwa mbao, kisha ubavu ukavishwa kandambili zilizokatwa, ambazo ndizo zilizolipa jahazi rangi zake nyingi.

Mtihani ulikuwa bahari yenyewe. Mapema mwaka 2019 jahazi lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa takriban kilomita 500, likitia nanga njiani ili wakazi wa pwani waelezwe madhara ya taka. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Victoria, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zinalimiliki kwa pamoja.

Ni kweli kwamba jahazi moja haliwezi kusafisha bahari. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017, lakini chupa, vifuniko na kandambili vingali vikiletwa ufuoni na maji. Funzo la Flipflopi ni kwamba kitu kinachotumiwa kwa dakika chache kisha kikatupwa kina uimara wa kubeba watu baharini. Kukitupa ni hasara, na kukitengeneza kwa wingi ili kitupwe ni hasara kubwa zaidi.

Kwa Lamu kuna jambo jingine. Mbao ngumu zinazidi kuadimika, na fundi asiye na mbao hana cha kumfundishia mwanagenzi. Plastiki haikujenga jahazi hilo peke yake. Lilijengwa na watu waliojua mkuku unavyolazwa na taruma linavyopindwa. Ujuzi huo ukipotea, hakuna kalibu itakayourudisha.