TAA YA ISHARA YA NYUMA: NAMNA YA KUITAMBUA HITILAFU YAKE

Madereva wa gari za Serikali, wenye gari za abiria na wananchi wote wanaomiliki vyombo vya moto katika mji wa Wete na vijiji vyake wanakumbushwa kuwa taa ya ishara ya nyuma, ambayo wengi huiita indiketa, ni miongoni mwa taa ambazo dereva haioni akiwa kitini. Mshale wa kijani mbele yake unaweza kuwaka na kuzima na huku nyuma kukawa na giza tupu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa taa ya kulia. Katika nchi hii gari hupita upande wa kushoto, na kwa hivyo anayekata kulia ndiye anayeikatisha njia ya wanaomjia mbele pamoja na ya yule anayetaka kumpita kutoka nyuma. Mpanda honda anayeteremka kuelekea bandarini, akiona gari iliyo mbele yake inapunguza mwendo bila ya ishara yoyote, hudhani inasimama kushusha abiria. Hujitoa kulia ili aipite, na pengine wakati huo huo dereva naye anakunja usukani. Globu moja ya wati 21 ingetosha kumzuia.

Ukaguzi unahitaji watu wawili: mmoja kitini, mwengine nyuma ya gari. Aliyekuwa peke yake arudishe gari jioni karibu na ukuta mweupe, atazame mwanga unavyopiga ukutani. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, ishara hutakiwa iwake baina ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ikiwa upande mmoja unawaka kwa haraka isiyo ya kawaida, ni dalili kwamba globu moja ya upande huo haipitishi umeme. Hivyo ndivyo zilivyo gari nyingi zinazoletwa kutoka Japani. Gari kongwe zenye flasha ya kibati kinachopata moto hufanya kinyume chake: globu moja ikikatika, ishara huwa nzito au hubaki imeganda. Aidha, aliyebadilisha globu ya kawaida kwa ya LED asishangae akiona ishara inakwenda mbio, kwani globu hiyo hula umeme mdogo, na flasha huhesabu kuwa hakuna globu.

Kabla ya kufungua chochote, upande mbovu ulinganishwe na upande mzima. Katika gari nyingi, kushoto na kulia hutumia fyuzi moja na flasha moja. Kushoto kukiwaka vyema, basi fyuzi na flasha havina kosa, na fundi anayeanza kwa kuuza flasha mpya anapoteza fedha za mwenye gari. Ikiwa kulia kote kumekufa, mbele na nyuma, ziwashwe taa za dharura. Zikiwaka pande zote, hitilafu imo katika swichi ya usukani. Ikiwa ni ya nyuma tu isiyowaka, kosa limo baina ya pale waya wa nyuma unapoanza na taa yenyewe, na hapo ndipo pa kutafuta.

Globu itolewe na kupachikwa upande wa pili. Ikiwaka huko, globu ni nzima na wa kulaumiwa ni soketi au waya. Wengi huitazama globu kwa jicho wakaridhika, ilhali uzi wake unaweza kuwa umekatika mahali pasipoonekana.

Kisiwani Pemba soketi ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko vyote. Hewa ya chumvi na mvua za masika hupenya kupitia kioo cha taa kilichopasuka, na shaba hugeuka kijani. Kutu hiyo hairuhusu umeme upite. Isuguliwe kwa msasa laini betri ikiwa imefunguliwa, ulimi wa soketi uinuliwe kidogo ili uishike globu, na kioo kibadilishwe. Kukiacha kioo kibovu ni kuirudia kazi ile ile masika ijayo.

Kuna hitilafu moja inayowababaisha hata mafundi, nayo ni ya waya wa ardhi, ambao gereji huuita erthi. Dalili yake ni kwamba dereva akiwasha ishara, taa ndogo ya nyuma nayo hupepesa, au zote mbili huwaka kwa mwanga hafifu. Umeme ulioikosa njia yake ya kurudi hutafuta njia nyengine kupitia globu ya jirani. Kipande cha waya kikiunganishwa kwa muda kutoka kwenye bati la soketi hadi kwenye chuma kisafi cha chesi, na taa ikawaka sawasawa, jawabu limepatikana. Gari za abiria zenye bodi ya mbao huathirika zaidi: mbao haipitishi umeme, kwa hivyo taa iliyopigiliwa juu yake lazima iwe na waya wake wa ardhi hadi kwenye chesi. Msumari hautoshi.

Ikiwa globu, soketi na ardhi ni nzima, taa ya majaribio iguswe kwenye waya unaoleta umeme wakati ishara imewashwa. Isipowaka, waya umekatika njiani, na mara nyingi hukatikia kwenye bawaba za mlango wa nyuma, unakokunjwa kila siku. Na ikiwa fyuzi ndiyo iliyoungua, isibadilishwe kwa waya wala karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua kwa sababu, na waya mnene huuhamishia moto kwenye nyaya za ndani ya gari.

Dereva wa gari ya Serikali aandike hitilafu hiyo katika daftari la safari siku ile ile aliyoiona. Anayelazimika kuifikisha gari kwa fundi, mchana, anyooshe mkono wa kulia nje ya dirisha mapema kabla ya kukata kulia. Usiku mkono hauonekani, na gari hiyo ibakie ilipo hadi asubuhi.