Talaka Bila Barua ya Mchungaji

Huko Gakindu, kwenye vilima vya Mukurwe-ini, ndoa haifungwi na watu wawili peke yao. Inapoyumba, walioshuhudia ndio huitwa: wazee waliokula mbuzi wa ngurario, sherehe ya ndoa ya kimila ya Wakikuyu, wasimamizi wa harusi, mchungaji, mara nyingine hata chifu. Haishangazi basi kwamba wengi huamini hakimu hawezi kusikiliza kesi ya talaka mpaka aletewe barua inayosema wanandoa waliketishwa chini na mambo yakashindikana.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 haidai barua hiyo.

Kifungu cha 64 kinasema wanandoa wa Kikristo wanaweza kutafuta msaada wa chombo cha upatanisho katika mahali pa ibada walipofungia ndoa. Kwa waliooana kimila, kifungu cha 68 kinasema wanaweza kupitia usuluhishi wa kimila kabla mahakama haijaamua. Wakikubali, aliyewasuluhisha huiandikia mahakama ripoti, na kikao chake lazima kifuate Katiba. Uzito wote umelala kwenye neno "wanaweza".

Ndoa ya kiserikali nayo iko chini ya kifungu cha 66. Hakimu akiona bado kuna tumaini, anaweza kuahirisha kesi kwa muda usiozidi miezi 6 ili wenyewe wajaribu kupatana. Kifungu hicho pia kilimzuia mtu kuomba talaka kabla ndoa haijatimiza miaka 3, lakini Mahakama Kuu ya Malindi ilitamka kwamba zuio hilo linakiuka Katiba.

Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, mambo hubadilika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Zipo hali zinazosamehewa, kama vile mwenzi aliyetoroka na hajulikani aliko. Nje ya hizo, kesi isiyopitia Baraza huhesabika kuwa imefunguliwa kabla ya wakati. Katika shauri la Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, Mahakama ya Rufani iliikuta kesi ya namna hiyo na kuufuta mwenendo wake.

Tukirudi Kenya, wazee wa Gakindu wana kazi ya maana ambayo hakimu hawezi kuifanya vizuri kuliko wao, hasa panapobaki watoto wa kulea, mahari ya kuzungumzwa na shamba lisilogawanyika kirahisi. Ila mke anayepigwa hapaswi kurudishwa nyumbani ati kikao cha tatu hakijafanyika. Kukataa kuketi na anayempiga hakumfungii mlango wa mahakama. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kenya ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu kuomba amri ya ulinzi hata kama hajafungua kesi ya talaka na hana nia ya kuifungua.