Kuhamia Charleston: Jirani na Msikiti Kwanza, Nyumba Baadaye

Bismillahi Rahmani Rahim. Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Tumepokea swali kutoka kwa dada yetu wa Unguja. Mumewe amepata kazi Charleston, mji wa kale wa Kusini mwa Marekani, katika jimbo la South Carolina. Wanatarajia kusafiri na watoto wao watatu. Jamaa yao aliyeko Marekani anawahimiza wanunue nyumba mara moja kwa mkopo wa benki, akisema kodi ni pesa za kutupa. Mume naye ameshapenda nyumba kongwe aliyoiona pichani, karibu na bahari. Anauliza: tukae mtaa gani, na je, tununue? Kwa kuwa wanaouliza mfano wa haya wamekuwa wengi, tumeona jibu tuwape wote.

Jirani kabla ya nyumba

Kuhamia nchi isiyo ya Kiislamu kwa ajili ya kazi ya halali kunajuzu kwa anayeweza kuidhihirisha dini yake na kuwalea watoto wake juu yake. Sharti hili halitimizwi uwanja wa ndege. Linatimizwa mtaani: nani jirani, msikiti uko umbali gani, watoto wanacheza na nani.

Mtume (S.A.W.) amelihesabu jirani mwema na nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu duniani. Na Jibril (A.S.) alimuusia jirani mpaka akadhani jirani atafanywa mrithi. Wanachuoni wanasema haki hiyo ni ya kila jirani, awe Muislamu au si Muislamu. Kwa hiyo hatusemi mjifungie na Waislamu watupu. Tunasema mchague mahali ambapo mtaweza kuwa majirani wema na mkabaki na dini yenu.

Anzeni na msikiti

Kule kwetu hatuulizi msikiti uko wapi, maana adhana hutufikia kitandani. Charleston si hivyo. Msikiti mkuu wa mji uko King Street, upande wa juu wa rasi, na upo mwengine North Charleston. Chukueni ramani, wekeni alama msikitini, wekeni nyingine kazini kwa baba, kisha tafuteni nyumba baina ya alama hizo.

Umbali huu una uzito kuliko mnavyodhani, kwa sababu ya saa. Unguja magharibi huingia karibu wakati mmoja mwaka mzima. Charleston, mwezi wa Juni jua huzama kiasi cha saa mbili na nusu usiku, na isha huwa karibu na saa nne. Mwezi wa Disemba magharibi ni kiasi cha saa kumi na moja na robo jioni, watu bado wako kazini. Familia inayokaa mbali itaisikia isha ya jamaa Ramadhani tu, kisha hata hiyo itaanza kupungua. Hata kibla kimebadilika: sisi tunaelekea kaskazini, wao huelekea kaskazini-mashariki. Muwafundishe watoto mapema.

Jambo jengine. Msimuulize wakala wa nyumba, "Waislamu wanakaa wapi?" Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu haki ya makaazi inakataza kumnyima mtu nyumba kwa ajili ya dini, rangi au asili yake, na inamkataza wakala kuwaelekeza wateja mitaa kwa misingi hiyo. Wakala muaminifu atanyamaza, nanyi mtadhani ana ubaguzi. Swali hilo mpelekeeni imamu, na akina mama msikitini. Wao watakuambieni yote, pamoja na duka la nyama ya halali na chuo cha watoto.

Mitaa ilivyo

Mji umekaa kwenye rasi, baina ya mto Ashley na mto Cooper. Ncha ya kusini ndipo penye majumba ya kale. Sehemu hiyo imehifadhiwa kwa sheria tangu 1931, na ilikuwa ya mwanzo Marekani kuhifadhiwa hivyo. Nyumba zake nyingi ni nyembamba, ubavu umeelekea barabara, na mlango wa njiani hukupeleka kwenye baraza ndefu kabla ya kuingia ndani. Mzanzibari ataipenda, kwani ina stara. Lakini bei yake ni ya matajiri, na kama ilivyo Mji Mkongwe wetu, hubadilishi hata dirisha la nje bila ya idhini.

Ng'ambo ya mto Cooper, baada ya daraja kubwa lililofunguliwa 2005, kuna Mount Pleasant: skuli zake zinasifiwa, kodi iko juu. Ng'ambo ya mto Ashley kuna West Ashley, yenye fleti nyingi za bei ya wastani na njia fupi ya kufika mjini. North Charleston ni mji unaojitegemea, wenye uwanja wa ndege, viwanda na wageni wengi. Kodi kwa kawaida ni nafuu, lakini mitaa yake haifanani, na inataka kutembelewa mchana na usiku. Summerville ni mbali, zaidi ya kilomita 30, na barabara kuu ya kuingilia mjini hufungana kila asubuhi.

Kwa skuli za serikali, mtoto kwa kawaida hupangiwa skuli kwa anuani ya nyumba yake. Kwa hiyo unapochagua nyumba umeshachagua na skuli. Na mjue kuwa mwanafunzi ana haki ya kuswali peke yake skuli za serikali. Zungumzeni na mwalimu mkuu kwa adabu siku ya mwanzo.

Tazameni maji

Hapa ndipo penye nyumba ile ya pichani. Sisi tunaijua Darajani: palikuwa na daraja kwa sababu palikuwa na maji, kisha pakafukiwa. Charleston ndivyo hivyo. Sehemu kubwa ya rasi ile ilikuwa vinamasi na vijito vilivyofukiwa, na maji hayasahau njia yake. Siku za bamvua bahari hupanda barabarani hata bila ya mvua. Si rasi pekee. Huko West Ashley, bonde la Church Creek limewahi kufurika mara kwa mara mpaka baadhi ya nyumba zikanunuliwa na kubomolewa. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na wazee wa pale bado wanausimulia ule wa Septemba 1989, ulioitwa Hugo.

Kabla ya kusaini, angalieni ramani ya mafuriko ya serikali kuu. Maeneo yanayoanza na herufi A au V ni ya hatari kubwa. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko; bima yake ni nyengine, na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Kisha mgongeeni mlango jirani, mumuulize: maji hufika wapi hapa?

Kununua kwa mkopo

Riba ni haramu, na uharamu wake haubadiliki kwa kuvuka bahari. Tunajua kuwa Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa ruhusa mwaka 1999, kwa masharti, kwa asiye na nyumba ya kukaa wala njia nyengine, na tunajua wanachuoni wengi walilipinga. Tunaloliona sisi ni kuwa anayepata nyumba ya kukodi hana dharura. Kodi si pesa ya kutupa. Ni thamani ya manufaa uliyoyapata, usiku kwa usiku, na ni halali.

Zipo Marekani taasisi zinazouza nyumba kwa ushirika unaopungua, ambapo nyote wawili mna hisa na nyinyi mnanunua hisa yao kidogo kidogo. Msitosheke na jina. Mkataba usomwe na mwenye elimu ya fiqhi kabla ya sahihi.

Kwa hiyo jibu letu kwa dada yetu ni hili. Kodini kwa mwaka mmoja, karibu na msikiti kadiri ya uwezo wenu. Mwenye nyumba atataka kujua rekodi yenu ya madeni, nanyi ni wageni hamna. Andaeni barua ya kazi na fedha za amana. Katika miezi hiyo 12 mtaona bamvua, mtaona Ramadhani, mtawajua majirani. Baada ya hapo swali la kununua litakuwa jepesi. Tunaijua familia iliyofanya kinyume chake: walinunua kwa pupa, mbali na kila mtu, na leo deni ndilo linalowazuia kuhamia pale watoto wao wangepata chuo.

Waliotangulia

Mwisho, msijione wa mwanzo. Mwaka 1807 alishushwa katika bandari ya Charleston mwanachuoni wa Futa Toro, Afrika Magharibi, aitwaye Omar ibn Said, akauzwa utumwani. Mwaka 1831 aliandika maisha yake kwa Kiarabu, na akaanza kwa Suratul Mulk, ile tunayoisoma usiku kabla ya kulala. Mtu anayemilikiwa na watu alianza kwa sura inayosema kuwa ufalme wote uko mkononi mwa Mwenyezi Mungu.

Yeye hakuchaguliwa mtaa wala jirani. Nyinyi mmepewa kuchagua, na mtaulizwa mlivyochagua. Swalini istikhara, mshauriane mume na mke, na watoto wasikilizwe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awape makaazi yenye baraka. Wallahu a'lam.