Kutadaruki Safari ya Mpira kutoka Kasongo

Mtu wa Kasongo au Kabambare aliyeazimu kwenda mjini kutazama mpira mwisho wa juma aghalabu huanza hesabu yake kwa siku ya mchezo, akaitafutia siku ya kutoka, kisha marejeo akayaachia majaaliwa. Nami, ambaye kazi yangu kwa miaka mingi ni kuwapangia watu safari, namsihi aipindue hesabu hiyo, aanze na siku anayotakiwa kuwa amekwisha rudi dukani au shambani kwake, ndipo ahesabu kinyumenyume mpaka afikie siku ya kufunga mzigo. Hapo itamdhihirikia kwamba siku mbili hazitoshi hata kwa Kindu, mji mkuu wa jimbo letu la Maniema.

Masafa ya Kasongo hadi Kindu ni kilometa zipatazo 240, na atokaye Kabambare ana zaidi ya 100 nyingine kabla hajaiona Kasongo, tena katika njia ya udongo ambayo mvua moja ya usiku huigeuza safari ya siku moja kuwa ya siku mbili. Kiangazi chetu ni Juni hadi Agosti, ilhali ligi ya taifa, Linafoot, aghalabu huanza kiangazi kikielekea kwisha, ikaendelea mvua zikinyesha. Basi apendaye mpira hana budi kusafiri wakati ule ule ambao njia ni mbaya.

Wengi husafiri kwa pikipiki, nami nimewatazama waendeshaji wake, wamotari, wakitengeneza mzigo alfajiri. Bidoni la petroli hukaa ubavuni, begi la abiria huvingirishwa nailoni, likakazwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli vilivyochanwa vyembamba kama ugwe, na kila fundo huvutwa mara mbili. Abiria naye ayavute mafundo hayo kwa mkono wake. Na kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, isiingie kamwe katika begi hilo, bali ikae kifuani mwake, maana kwenye kizuizi ndiyo huulizwa kwanza.

Kisha kuna mto, na hapa ndipo wengi hukosea. Njia ya kwetu hushuka ng'ambo ya mashariki ikafika Alunguli, na mji wenyewe, yaani Kasuku na Mikelenge, uko ng'ambo ya pili ya Lualaba. Hivyo aliyefika Alunguli saa ya mchezo hajafika Kindu bado, bali amefika kwenye foleni ya kivuko. Jambo hili si geni katika nchi yetu: David Livingstone aliyefika Nyangwe mwaka 1871, si mbali na Kasongo, alikaa miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kuvukia mto huo huo, asiipate, mwishowe akageuka kurudi Ujiji. Mimi husema, fika Alunguli alasiri ya siku iliyotangulia mchezo, uvuke jua lingaliko, ulale upande wa kiwanja.

Fauka ya hayo, ulizia mchezo unachezwa wapi, usitosheke na kusikia kwamba timu yetu ndiyo mwenyeji. AS Maniema Union, iliyoasisiwa mwaka 2005, iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika ya 2024–25 pamoja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Raja ya Casablanca na FAR ya Rabat. Fahari iliyoje kwa jimbo letu! Lakini kiwanja cha mashindano hayo ni lazima kipasishwe na CAF, na michezo ya nyumbani ikachezwa Kinshasa, katika Stade des Martyrs, mahali pasipofikika kwetu kwa mwisho wa juma ila kwa ndege. Tena Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: mchezo uliotangazwa kule kuwa wa saa tisa u nusu, kwa saa ya Kasongo ni saa kumi u nusu, na aliyesahau jambo hili huweza kuikosea hesabu ya saa zake.

Lubumbashi ni habari nyingine. TP Mazembe, timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na mapadre Wabenedikto, imetwaa ubingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 ilifika fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi ikakutana na Inter ya Milan. Kuiona Mazembe ikipambana na Lupopo, hasimu wake wa mji huo huo, ni tamu mno. Ila reli ya Kindu kupitia Kongolo, Kabalo na Kamina ni ya siku kadhaa, na simshauri mtu yeyote kuiita safari hiyo ya mwisho wa juma. Aombe ruhusa ya mwezi, akawazuru na jamaa zake.

Masurufu yawe mchele na karanga za kwetu, sehemu ya njiani na sehemu ya kumkabidhi mwenyeji wako, kwa kuwa mgeni wa mpira hula siku nyingi kuliko alizotaja. Na motari wa kwenda awe ndiye wa kurudi, mkapatana bei yote mkiwa Kasongo, nusu ya nauli ukaibakiza mfukoni mpaka akushushe mlangoni kwako.